Haidrojeli zinazovutika na kuitikia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upelekaji wa dawa na uuguzaji wa vidonda

Maswali haya huulizwa tena na tena na wanafunzi wa maabara, wauguzi, na watu wanaoishi na vidonda visivyopona haraka. Kila jibu linajitegemea. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, bali utaelekezwa kwenye namba ya swali lake.

## Misingi

1. Haidrojeli ni nini hasa?

Ni wavu wa minyororo mirefu ya polima iliyofungwa pamoja kwa vifundo, ukiwa umeshika maji ndani yake bila wenyewe kuyeyuka. Nyingi zinazowekwa kwenye ngozi ni maji kwa asilimia 70 hadi 95 ya uzito. Ukiibonyeza, maji hayachuruziki kama ya sifongo, kwa sababu yameshikwa na minyororo yenyewe.

Vifundo ni vya aina mbili. Kuna vya kudumu, yaani vifungo vya kikemia ambavyo vikikatika havirudi. Na kuna vya muda, kama ioni ya kalsiamu inayoshika minyororo miwili kwa pamoja, au vijifuwele vidogo vya polima: hivi hufunguka na kujifunga tena. Karibu kila tabia inayoelezwa hapa chini inatokana na mchanganyiko wa aina hizo mbili.

Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím, waliokuwa Chekoslovakia, walichapisha maelezo ya jeli ya aina hii kwa matumizi ya mwilini. Lenzi laini za macho zimetokana na kazi hiyo.

2. Kwa nini kidonda kiwekewe kitu chenye maji? Si bora kikauke?

Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majeraha madogo ya nguruwe, kwamba ngozi mpya ilitanda kwa kasi ya karibu mara mbili pale jeraha lilipofunikwa likabaki na unyevu kuliko lilipoachwa likauke. Seli za ngozi hutambaa juu ya sehemu yenye unyevu. Kigaga kikavu huzilazimisha kupita chini yake, na njia inakuwa ndefu. Unyevu haumaanishi kuloweka, lakini. Ukizidi, ngozi ya pembeni hulainika, hugeuka nyeupe na kumomonyoka (tazama swali la 16).

3. Kuvutika na kuitikia ni jambo moja?

Hapana. Kuvutika ni uwezo wa jeli kutanuka na kurudi bila kukatika. Kuitikia ni kubadilika kwa makusudi pale mazingira yanapobadilika, kwa mfano kuvimba, kusinyaa, kumeng'enyeka au kuachia dawa. Jeli inaweza kuwa na moja bila jingine. Ugumu wa fani hii ni kuviweka vyote viwili pamoja, maana kila kuvimba kunakoruhusu dawa kutoka hupunguza pia nguvu za wavu.

## Kuvutika

4. Kwa nini jeli za kawaida hukatika upesi, na hizi mpya zinafanyaje?

Katika jeli ya kawaida minyororo haina urefu sawa. Ukiivuta, ile mifupi hubeba mzigo wote, hukatika, na ufa hupita bila kizuizi. Dawa yake ni kuweka kitu kinachokubali kuvunjika kwanza ili kumeza nishati, huku kingine kikishikilia umbo.

Mwaka 2003 kundi la Jian Ping Gong katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, lilionyesha jeli ya wavu pacha: wavu mmoja mgumu unaovunjika vipandevipande, na mwingine laini unaobaki mzima. Kasoro yake ni kwamba vifundo vilivyovunjika havirudi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichanganya alijineti (polima itokanayo na mwani) iliyofungwa kwa kalsiamu na poliakrilamidi (polima ya kutengenezwa) iliyofungwa kwa vifungo vya kudumu. Jeli hiyo, ambayo maji ni kama asilimia 90, ilivutika zaidi ya mara 20 ya urefu wake, na ilihitaji takriban jouli 9,000 kwa kila mita ya mraba ili ipasuke. Hapa kalsiamu hufunguka wakati wa kuvutwa na kujifunga tena baadaye, ingawa kujifunga huko huchukua muda.

5. Bendeji inahitaji kuvutika mara 20?

La. Ngozi ya goti au kiwiko hutanuka kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 kiungo kinapokunjwa. Namba kubwa za uvutikaji hupendeza kwenye machapisho, lakini hazimwambii muuguzi anachotaka kujua. Cha maana ni mambo matatu: jeli iwe laini kiasi cha kufuata ngozi bila kuikwaruza, istahimili kukunjwa maelfu ya mara, na irudi kwenye urefu wake bila kubaki imelegea. Jeli inayovutika maradufu na kurudi ilivyokuwa ina faida kuliko ile ya mara 20 inayobaki imetepeta.

6. Mbona jeli yangu ilivutika vizuri mezani, ikakatika baada ya siku moja kwenye majimaji?

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ndilo linaloua miradi mingi. Jeli ilipimwa ikiwa mpya. Kidonda kinaipokea ikiwa imekunywa. Kuna sababu mbili kuu.

Kwanza, kuvimba. Jeli mbichi ikiwekwa kwenye majimaji huendelea kunywa hadi ifikie kikomo chake. Minyororo inakuwa tayari imekazwa kabla hujaivuta, na idadi yake kwa kila milimita ya mraba imepungua. Uwezo wa kuvutika unashuka, wakati mwingine sana.

Pili, kupotea kwa vifundo vya ioni. Majimaji ya kidonda yana sodiamu nyingi, nayo huisukuma kalsiamu itoke kwenye alijineti. Myeyusho wa fosfati unaotumika maabara ni mbaya zaidi, kwa kuwa fosfati huikamata kalsiamu na kuigeuza chembe nyeupe. Ukiona ukungu mweupe kwenye chombo, ujue vifundo vyako ndivyo vinavyoelea humo.

Cha kufanya: loweka vipande kwa saa 24 hadi 48 katika nyuzi 37 kabla ya kupima nguvu, tena kwenye kimiminika kinachofanana na cha kidonda. Kile cha kawaida kwa majaribio ya bendeji kina milimoli 142 za sodiamu na 2.5 za kalsiamu kwa lita. Kama jeli bado inadhoofika, ongeza vifundo vya kudumu kidogokidogo, au badilisha kalsiamu kwa vifundo vya vijifuwele (swali la 11), au punguza chaji kwenye minyororo ili isivute maji mengi.

## Kuitikia

7. Kidonda kinatoa ishara gani ambazo jeli inaweza kuzifuata?

*Joto.* PNIPAM, polima inayotajwa kuliko zote, hunywa maji ikiwa baridi na kuyatema ikipita takriban nyuzi 32. Tatizo ni kwamba uso wa ngozi nao uko karibu na nyuzi 32, hivyo jeli inakaa mlangoni kabisa, haijulikani iko upande gani. Kizingiti hupandishwa kwa kuunganisha monoma (molekuli ndogo zinazojenga polima) zinazopenda maji na hushushwa kwa zile zinazoyakimbia. Chumvi ya majimaji ya kidonda pia hukishusha, kwa hiyo kipime ndani ya majimaji hayo, si kwenye maji safi. Kuna mtego mwingine: jeli ikisinyaa haraka, uso wake huweza kuziba kama utando na kuifungia dawa ndani badala ya kuitema.

*Asidi na alkali.* Ngozi nzima ina pH ya takriban 4 hadi 6, ilhali vidonda sugu mara nyingi viko kati ya 7 na 9. Jeli yenye vikundi vya asidi ya kaboksili huvimba upande wa alkali na kuachia dawa, kisha hutulia kidonda kinapopona na pH kushuka. Kitosani hufanya kinyume: huvimba chini ya pH ya 6.5 hivi.

*Vimeng'enya.* Vidonda sugu vina ziada ya vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Ukifunga wavu kwa vipande vya peptidi ambavyo vimeng'enya hivyo huvikata, jeli huyeyuka pale tu palipo na uharibifu. Kwa maoni yetu hii ndiyo ishara inayoaminika zaidi, kwa sababu inatokana na ugonjwa wenyewe. Joto huathiriwa na hali ya hewa, kimeng'enya hakiathiriwi hivyo.

*Sukari.* Asidi za fenilboroni hushikana na glukosi na kubadilisha uvimbaji. Nyingi hufanya kazi vizuri karibu na pH ya 8 hadi 9, hivyo soma matokeo ukizingatia pH uliyotumia.

8. Je, kuvuta kwenyewe kunaweza kuachia dawa?

Ndiyo, kwa njia mbili. Njia rahisi ni umbo. Jeli haibadilishi ujazo inapovutwa ghafla, kwa hiyo ikirefuka huwa nyembamba. Ikivutwa kwa asilimia 50, unene wake hupungua hadi kama asilimia 82 ya ule wa awali, na muda wa dawa kusafiri kutoka ndani hadi nje hupungua hadi kama theluthi mbili. Njia ya pili ni kufukia vihifadhi vidogo vya dawa ndani ya utando unaonyumbuka, ambavyo hukamuliwa kila unapovutwa.

Ubaya ni kwamba mgonjwa anayetembea sana hupata dawa nyingi kuliko aliyelala. Kwa dawa ya kutuliza maumivu ya kiungo hilo linaweza kuwa jema. Kwa antibayotiki si jema.

9. Jeli inayobadili rangi inaonyesha maambukizi?

Inaonyesha pH, si bakteria. Bromothimoli buluu hutoka njano karibu na pH 6 hadi buluu karibu na 7.6, na kidonda sugu kisicho na maambukizi kinaweza kuwa na pH hiyo hiyo. Tumia rangi kama sababu ya kukagua, si kama jibu. Tena rangi iwe imefungwa kikemia kwenye wavu, la sivyo itavuja hadi kidondani.

## Kuweka dawa na kuitoa

10. Dawa huingizwaje, na kwa nini nyingi hutoka siku ya kwanza?

Unaweza kuichanganya kabla ya jeli kushika, au kuiloweka baadaye. Kuloweka ni salama kwa dawa zisizostahimili joto au viini huru vinavyotumika kuunganisha monoma. Piga hesabu kabla. Gramu 10 za jeli yenye maji asilimia 90, ukiitia kwenye mililita 20 za myeyusho wa miligramu 1 kwa mililita, itasawazika na kubeba takriban miligramu 6.2, endapo dawa haishikani na wavu. Zilizobaki ziko kwenye chombo. Watu wengi huandika kwamba jeli ina miligramu 20.

Matundu ya wavu kwa kawaida ni nanomita 5 hadi 100. Molekuli ndogo ya dawa haifiki hata nanomita 2, hivyo hupita kama hakuna ukuta. Kwa jeli ya unene wa milimita 2 inayotoa dawa upande mmoja, muda wa dawa kusafiri hadi nje ni kama saa 2. Ukiongeza unene maradufu, muda huongezeka mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana kukaza wavu peke yake hakusaidii dawa ndogo, na kunaharibu uvutikaji.

Kinachosaidia ni kuipa dawa kitu cha kuishikilia. Jentamisini ina chaji chanya, na alijineti ina hasi, hivyo hukaa zaidi. Lakini ichanganye taratibu, maana inaweza kuganda mabonge. Dawa zisizopenda maji huwekwa ndani ya saiklodekstrini, maiseli au liposomu, kisha vifuko hivyo vikafukiwa kwenye jeli. Protini kubwa hushikwa na wavu wenyewe. Na kabla ya yote, suuza uso wa jeli kwa sekunde chache: sehemu ya mlipuko wa mwanzo ni dawa iliyokauka juu tu.

## Kazi ya maabara

11. Ni jeli gani rahisi ya kuanzia?

Polivinili alkoholi (PVA) ya kugandisha na kuyeyusha. Haihitaji monoma yenye sumu wala kemikali ya kufunga.

Chukua PVA iliyohidrolisishwa kwa asilimia 98 au zaidi. Ile ya asilimia 87 hadi 89 ndiyo inayopatikana kirahisi, lakini mabaki yake ya asetati huzuia vijifuwele, na utapata uji. Tia gramu 10 kwenye gramu 90 za maji baridi ukikoroga, ndipo upashe hadi nyuzi 90 hadi 95 kwa saa 2 hadi 3 chombo kikiwa kimefunikwa. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto utapata mabonge yasiyoyeyuka. Pima uzito mwishoni na urudishe maji yaliyopotea. Acha itulie hadi mapovu yaishe, mimina kwenye kalibu ya milimita 2, ziba, gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 12 hadi 20, kisha iache iyeyuke polepole kwa saa 6 hivi. Rudia mara 3 hadi 5. Kila mzunguko huongeza ugumu na weupe. Usiharakishe kuyeyusha kwa maji ya moto, kwa kuwa vijifuwele vingi hukua katika hatua hiyo.

12. Jeli ya alijineti na poliakrilamidi: mbona ina mabonge, au haishiki?

Mabonge hutokana na kloridi ya kalsiamu, ambayo hufunga alijineti papo hapo mahali inapodondokea. Tumia salfeti ya kalsiamu iliyokorogwa majini, inayoyeyuka polepole, na uichanganye kwa haraka kati ya mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa.

Isiposhika, mara nyingi mhalifu ni oksijeni, inayoua viini huru. Toa hewa kwa ombwe au pitisha nitrojeni kwa dakika 15 hadi 30, na funika kalibu kwa kioo. Amonia pasalfeti (kemikali inayoanzisha muungano wa monoma) ya zamani iliyonyonya unyevu nayo hupoteza nguvu. Tengeneza myeyusho wake siku hiyo hiyo.

Akrilamidi ambayo haijaungana hudhuru mishipa ya fahamu na inashukiwa kusababisha saratani. Vaa glavu, na unga wake upime ndani ya kabati la kuvuta hewa. Jeli iliyokamilika ioshwe kwa maji yanayobadilishwa mara mbili kwa siku, siku 3 hadi 5, kisha mabaki yapimwe kwa kromatografia. Kuosha bila kupima hakutoshi kwa kitu kitakachogusa kidonda.

13. Naitakasaje bila kuiharibu?

Otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo) ya nyuzi 121 huyeyusha jeli ya PVA ya swali la 11. Mionzi ya gamma ya kilogrei 25 inafaa kwa PVA na polivinili pirolidoni, na huongeza vifundo, lakini hukata minyororo ya alijineti, kitosani na asidi ya haialuroniki. Huko Łódź, Poland, Janusz Rosiak na wenzake walitumia mionzi kufunga na kutakasa bendeji ya haidrojeli kwa hatua moja, ikiwa tayari ndani ya pakiti. Kwa jeli zenye protini, chuja myeyusho kwa kichujio cha mikromita 0.22 na uendelee katika mazingira safi. Njia yoyote utakayochagua, pima uvutikaji na utoaji wa dawa upya baada yake.

14. Utoaji wa dawa upimwe vipi ili ufanane na kidonda?

Kutumbukiza kipande kwenye beseni la myeyusho kunatoa dawa pande zote na kwa kasi ambayo kidonda hakina. Tumia seli ya Franz (chombo cha kupimia dawa inayopita upande mmoja tu), upande mmoja wa jeli ukigusa kimiminika cha nyuzi 32, na hakikisha ujazo ni angalau mara 3 ya ule unaoweza kushiba dawa. Kisha rudia jeli ikiwa imevutwa, na mara nyingine baada ya kukunjwa mara elfu. Kwa sumu kwa seli, kipimo cha ISO 10993-5 huhesabu uhai ulio chini ya asilimia 70 kuwa dalili ya madhara.

## Kwenye kidonda

15. Je, hizi ziko kliniki leo?

Haidrojeli za kawaida, ndiyo, kwa miaka mingi. Iko pia jeli yenye kichocheo cha ukuaji, bekaplemini ya asilimia 0.01, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Nayo hukaa jokofuni. Bendeji zinazoitikia na kuvutika kwa pamoja zingali zaidi kwenye utafiti. Mwaka 2019, kwa mfano, ilielezwa bendeji yenye PNIPAM inayoshika ngozi, kusinyaa kwa joto la mwili na kuvuta kingo za jeraha zikaribiane, na kwa panya iliharakisha kufunga.

16. Haidrojeli inafaa kidonda gani, na kipi hakifai?

Inafaa kidonda kikavu au chenye majimaji machache, chenye nyama iliyokufa inayohitaji kulainishwa, na michubuko yenye maumivu, kwani hutuliza. Haifai kidonda kinachotiririka: jeli iliyojaa maji haina nafasi ya kunywa zaidi, na ngozi ya pembeni huharibika. Hapo povu la kunyonya au alijineti kavu hufaa zaidi.

Kuwa mwangalifu hasa na kidole kilichokauka na kuwa cheusi kwa kukosa damu. Usikiloweshe kabla daktari hajapima mzunguko wa damu, kwa sababu kikilowa kinaweza kuoza haraka. Kuungua kupya hutibiwa kwanza kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, siyo jeli.

17. Inawekwaje na kubadilishwa lini?

Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na ukaushe ngozi ya pembeni. Kata karatasi ya jeli ipite ukingo kwa sentimita 1 hadi 2, isipokuwa maelezo ya bidhaa yaseme vingine. Kwenye goti au kiwiko, ibandike kiungo kikiwa kimekunjwa nusu ili isivutwe hadi mwisho. Funika kwa bendeji ya juu, maana jeli iliyo wazi hukauka na kung'ang'ania. Kwa kawaida hubadilishwa kila siku 1 hadi 3. Ikiwa imekauka, ilowanishe dakika chache. Usiivute kwa nguvu.

18. Inayonata sana si ndiyo bora?

Kunata kuwe kwenye ngozi nzima, si kwenye nyama mpya. Mwaka 2017 ilielezwa gundi ya haidrojeli iliyobuniwa kwa kuiga ute wa konokono asiye na gamba, Arion subfuscus, inayoshika hata palipo na damu. Kwa ndani ya mwili nguvu hiyo ni neema. Kwa bendeji inayobanduliwa kila siku mbili inaweza kung'oa ngozi iliyoanza kuota.

19. Naweza kutengeneza nyumbani na kujitibu?

Hapana. Usafi wa jikoni hautoshi, na jeli yenye maji na joto ni makazi mazuri ya bakteria. Maelekezo ya swali la 11 ni ya kujifunzia na kupimia.

20. Jeli imegeuka rangi na ina harufu. Ni kawaida?

Jeli iliyochanganyika na nyama iliyokufa huweza kuwa na rangi ya njano au kahawia na harufu kidogo, ambavyo huondoka ukishaosha. Harufu inayobaki baada ya kuosha, rangi ya kijani, wekundu unaoenea, joto, maumivu yanayozidi au homa ni dalili za maambukizi: ondoa jeli na umwone mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwa sababu mguu uliopoteza hisia unaweza kuambukizwa bila kuuma.